Patuxet: kijiji kilichokuwa kimeshakufa Mayflower ilipotia nanga

Mzee wa Magofu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita kwenye uzi mwingine mdau mmoja aliandika kwamba Amerika ya Kaskazini "ilikuwa pori tupu, Wazungu wakafika wakajenga". Nilianza kumjibu kule kule, jibu likawa refu kuliko mada yenyewe, nikaona nifungue uzi. Columbus nitamruka. Huyo katika safari zake zote nne, 1492 hadi 1504, aliishia visiwa vya Karibi na pwani za Amerika ya Kati na Kusini. Bara ya Marekani ya leo hakuikanyaga hata siku moja. Mimi nawaletea habari za kijiji kimoja na mwanakijiji mmoja.

Kijiji kiliitwa Patuxet, kando ya ghuba, katika jimbo ambalo leo ni Massachusetts. Wenyeji wake walikuwa Wawampanoag. Mwaka 1605 Mfaransa Samuel de Champlain alipita pale na meli akachora ramani ya bandari. Ukiitazama ramani ile huoni pori. Unaona nyumba, na pembeni ya nyumba mashamba ya mahindi. Wazungu wavuvi na wanunuzi wa ngozi walikuwa wanapita pwani ile mara kwa mara, wanafanya biashara, wanaondoka. Wenyeji waliwauzia, lakini kulowea hawakuwapa nafasi.

Mwaka 1614 nahodha Mwingereza, Thomas Hunt, akawaita watu wa Patuxet melini kama mtu mwenye biashara ya kawaida. Walipopanda wapatao 20 akawafungia chini. Akaenda kwa majirani zao Wanauset, akanasa wengine 7, akatweka tanga hadi Málaga, Hispania, kuwauza sokoni pamoja na shehena yake ya samaki. Mmoja wa wale 20 aliitwa Tisquantum. Wazungu walimkatia jina likawa Squanto.

Watawa wa Kikatoliki waliingilia kati baadhi yao wasiuzwe. Namna gani Tisquantum alitoka Hispania ni hadithi ndefu, ila tunamkuta London, nyumbani kwa mfanyabiashara John Slany, anazungumza Kiingereza. Akapelekwa Newfoundland, akarudishwa Uingereza, na mwaka 1619 nahodha Thomas Dermer akamchukua awe mkalimani wake kwenye pwani ya kwao.

Miaka 5 ugenini. Mtu anaiona ghuba aliyozaliwa, anashuka, anapanda kijijini. Hakuna hata mtu mmoja. Patuxet nzima imekufa.

Kati ya 1616 na 1619 ugonjwa ulioletwa na meli za Ulaya ulipita pwani ile, na kuna sehemu inakadiriwa uliua watu 9 kati ya 10. Waliobaki hawakutosha kuzika. Mwingereza Thomas Morton, aliyefika miaka michache baadaye, aliikuta mifupa ya watu imelala juu ya ardhi, akaandika kwamba ilikuwa kama Golgotha mpya.

Sasa angalieni tarehe. Mayflower, meli iliyoleta walowezi wa Kiingereza pwani ile, ilifika Novemba 1620.

Ngoja nile kwanza, narudi.

Kijana wa Tandale

Nimeweka mkeka hapa. Mzee usichelewe.

Bi Mwanakombo

Subhanallah. Yaani unarudi kwenu kutoka utumwani, hakuna wa kukuambia hata pole.

Mkulima wa Mbozi

Mzee samahani nikukate. Hawa ndio tuliofundishwa shuleni kuwa Wahindi Wekundu? Na wao walitokea wapi, maana nimesikia walivuka kutoka Asia.

Mzee wa Magofu (mleta uzi)

Ndio hao, Mkulima, ila jina lile ni kosa la Columbus tu, alidhani amefika Bara Hindi. Chekesho ni kwamba na sisi tuna kosa linalofanana na hilo mdomoni kila siku. Zao lililozaliwa Mexico, miaka kama 9,000 iliyopita, likatufikia sisi baada ya Wareno kuanza kuzunguka dunia, tunaliita mahindi, kama vile ni la Wahindi! Wenyewe uwaite kwa majina ya mataifa yao: Wawampanoag, Wacherokee, Wamohawk, Wahopi. Walikuwa mamia ya mataifa na mamia ya lugha.

Ni kweli asili yao ni Asia, wakati wa enzi ya barafu, bahari ikiwa chini na Siberia imeungana na Alaska. Zamani wataalamu walisema ni miaka kama 13,000 tu. Sasa hivi pale White Sands, jimbo la New Mexico, zimepatikana nyayo za watu kwenye tope lililokauka, zimepimwa zikaonekana zina miaka 21,000 hadi 23,000. Sehemu hiyo hiyo kuna njia nyingine ya nyayo, ya baadaye kidogo lakini bado inazidi miaka 10,000, na hiyo ndiyo inanimaliza. Mtu mzima anatembea haraka, peke yake. Ghafla pembeni ya nyayo zake zinatokea nyayo ndogo sana, hatua chache, kisha zinapotea. Amechoka kubeba mtoto, amemtua, amembeba tena. Kila mzazi humu ameshatembea hivyo.

Chuma cha Reli

Mzee mimi nitakuwa tofauti kidogo. Nyayo sawa, vijiji sawa. Lakini miji iko wapi? Kama walikaa miaka 20,000 wamejenga nini? Tusije tukatunga historia kwa sababu tu tunawachukia Wazungu.

Mzee wa Magofu (mleta uzi)

Swali halali. Andika jina hili: Cahokia. Iko karibu na jiji la St. Louis, upande wa Illinois, kwenye bonde la mto Mississippi. Karibu mwaka 1100 palikuwa na watu 10,000 hadi 20,000. Walijenga vilima vya udongo zaidi ya 100, na kikubwa kuliko vyote kimekwenda juu mita 30, kitako chake ni karibu sawa na cha piramidi kubwa la Giza. Hawakuwa na ng'ombe wala punda wala toroli. Udongo wote ule ulibebwa na watu, kikapu kwa kikapu. Katika kaburi moja pale mtu mkubwa amelazwa juu ya shanga za kombe zipatazo 20,000 zilizopangwa kwa umbo la kozi. Pembeni yake wamezikwa watu wengi waliouawa kwa ajili ya mazishi hayo, wengi wao wanawake vijana. Kwa hiyo usidhani nakuuzia watakatifu hapa.

Na kwa kuwa umenitahadharisha nisitunge: Cahokia ilihamwa kabla ya mwaka 1400, miaka mingi kabla Mzungu hajaonekana. Hilo si kosa la Wazungu.

Kusini magharibi, pale Chaco, kuna jengo moja la mawe, Pueblo Bonito, lenye vyumba zaidi ya 600. Kaskazini mashariki Wahaudenosaunee walikuwa mataifa matano chini ya baraza moja, na kina mama wakuu wa koo ndio waliochagua machifu na ndio waliowavua. Chifu akileta jeuri, mama anamwondolea cheo. Naona Bi Mwanakombo anatabasamu.

Bi Mwanakombo

Sitabasamu, nachukua maelezo.

Mzee wa Magofu (mleta uzi)

Turudi Patuxet.

Mayflower ilikuwa na abiria 102. Kwanza walitia nanga Cape Cod, wamechoka, baridi imeshaingia, chakula kinaisha. Wakatuma watu nchi kavu. Wakakuta vichuguu vya mchanga vilivyopigwapigwa kwa mikono, wakafukua. Ndani kikapu kikubwa kipya, kimejaa mahindi ya mbegu: mengine ya manjano, mengine mekundu, mengine yamechanganyika na buluu, na humo mahindi mazima 36 ambayo hayajapukuchuliwa. Wakachukua. Haya yote waliyaandika wenyewe, bila kificho, wakisema ni Mungu kawaongoza na kwamba watalipa wakimpata mwenyewe. (Mwaka uliofuata kweli walilipa.) Mkulima wa Mbozi nadhani unajua maana ya mtu kufukua mbegu yako ya msimu ujao.

Wenye mahindi walikuwa Wanauset. Wale wale ambao Hunt aliwaibia watu 7. Kwa hiyo Desemba, walowezi walipotua tena pwani ile, alfajiri wakashambuliwa kwa mishale. 

Wakahamia ng'ambo ya ghuba. Wakapata mahali pazuri ajabu: bandari, kijito cha maji matamu, na ardhi iliyokwisha kufyekwa. Wakaona ni neema. Pale ndipo Patuxet. Walijenga Plymouth juu ya kijiji cha Tisquantum, wakalima kwenye matuta ya marehemu.

Na msidhani huko Uingereza walikuwa hawajui. Hati ya Mfalme James ya Novemba 1620, iliyogawa nchi yote ile kwa kampuni, inaitaja tauni yenyewe na kusema kwamba Mungu ameifanya nchi iwe kama imeachwa na wenyewe ili raia wa mfalme waimiliki. Mdau aliyesema "pori tupu" hakubuni. Anarudia maneno ya hati, ila ameacha kipande kinachosema kwa nini palikuwa tupu.

Kijana wa Tandale

Hapo kwenye mahindi ya mbegu nimeumia, na mimi si mkulima.

Chuma cha Reli

Sawa Cahokia nimekubali. Lakini ugonjwa si kosa la mtu. Nani alijua vijidudu mwaka 1616?

Mzee wa Magofu (mleta uzi)

Hakuna aliyejua, na sijasema walipanga. Hawa watu hawakuwa na ng'ombe, nguruwe wala kuku. Ndui, surua na ndugu zao ni maradhi ya walioishi karne nyingi na mifugo na miji iliyosongamana, kwa hiyo miili ya Wenyeji ilikuwa haijawahi kuyaonja. Lakini ukiishia hapo unakuwa umemwachia ugonjwa kesi yote. Mtu aliyechukuliwa mateka, aliyefukuliwa mbegu, aliyefukuzwa shambani katikati ya baridi, huyo ugonjwa unamkuta hana nguvu, na akilala wote nyumbani wamelala, hakuna wa kuteka maji. Ulaya nayo ilipigwa tauni kubwa ikainuka, kwa sababu hakuna aliyekuja kukaa kwenye nyumba zao wakiwa bado kitandani.

Baridi ile nusu ya walowezi walikufa. Halafu Machi 16, 1621, mtu mmoja akaingia kijijini kwao peke yake, ana upinde na mishale miwili, kiunoni kipande cha ngozi tu, akawasalimia kwa Kiingereza. Anaitwa Samoset, Kiingereza alikipata kwa wavuvi wa kaskazini. Salamu zilipokwisha akaomba bia. Hawakuwa nayo, wakampa pombe kali na jibini. Siku chache baadaye akarudi na Tisquantum, na nyuma yao mtemi mwenyewe, Ousamequin, ambaye wengi mnamjua kwa cheo chake cha Massasoit.

Kwa nini Ousamequin afanye mapatano na watu waliokaa juu ya makaburi ya watu wake? Majirani zake Wanarragansett hawakuguswa na ugonjwa ule. Yeye amepoteza watu, wao wako kamili, wanamtaka awe chini yao. Hawa wageni ni wachache lakini wana bunduki. Alipiga hesabu ya siasa, kama mtawala yeyote. Zile picha za Mwenyeji mwema anayempa Mzungu bata mzinga huku akicheka mimi hunichefua, zinamfanya mzee wa watu aonekane mjinga.

Mkulima wa Mbozi

Mzee, nimesoma mahali kwamba huyo Tisquantum ndiye aliyewafundisha kuweka samaki kwenye shimo la mahindi. Kweli?

Mzee wa Magofu (mleta uzi)

Kweli aliwafundisha, samaki wanaopanda mtoni majira ya kuchipua, unafukia na mbegu. Mahindi yanaota kwenye kichuguu, maharage yanapanda juu ya mahindi, maboga yanatambaa chini yanafunika ardhi.

Mkulima wa Mbozi

Hee! Hilo ni shamba la bibi yangu kabisa. Mahindi, maharage na maboga, shimo moja. Bwana shamba akija anagomba tupande kwa mistari, bibi anamwitikia "ndiyo mwanangu", akiondoka anapanda vilevile.

Mzee wa Magofu (mleta uzi)

Na yote matatu asili yake ni Amerika, Mkulima. Wahaudenosaunee huyaita dada watatu.

Ila Tisquantum naye alikuwa mtu, na mtu aliyebaki peke yake. Akaanza kucheza pande mbili. Aliwaambia vijiji vya jirani kwamba Waingereza wameufukia ugonjwa chini ya ghala lao na wanaweza kuufungulia wakati wowote, ila yeye akisema neno hawataufungulia. Chini ya ghala palikuwa na mapipa ya baruti. Watu wakaanza kumletea zawadi yeye badala ya Ousamequin. Mtemi alipogundua akatuma wajumbe na kisu chake mwenyewe, wakamkate kichwa. Bradford, gavana wa Plymouth, alikuwa akivutavuta muda, hataki kumpoteza mkalimani, mara mashua ikaonekana baharini na wajumbe wakaondoka kwa hasira. Novemba 1622 akaugua homa, pua zikatoka damu, akafa. Hajafikisha miaka miwili tangu aingie Plymouth.

Mkataba ulishika muda wote wa uhai wa Ousamequin, karibu miaka 40. Meli zilizidi kuja, ng'ombe na nguruwe wa walowezi wakala mashamba ya wenyeji yasiyo na uzio, deni likalipwa kwa ardhi. Mwaka 1675 mwanawe, Metacom, akaingia vitani. Agosti 1676 akauawa. Mkewe na mtoto wao mdogo walikuwa wameshatekwa, na mtoto akauzwa utumwani. Kichwa cha Metacom kilichomekwa juu ya mti hapo hapo Plymouth, kikakaa zaidi ya miaka 20.

Bi Mwanakombo

Mjukuu wa Ousamequin akauzwa. Kama wale wa Hunt.

Mzee, na weusi wenzetu waliingia lini? Nasikia 1619.

Mwanaisimu wa Ilala

Hilo niachieni mimi. Agosti 1619, Point Comfort, Virginia, meli ya Kiingereza White Lion iliteremsha Waafrika "20 na kitu", ndivyo ilivyoandikwa, wakabadilishwa kwa chakula. Walikuwa wameporwa kutoka meli ya Kireno iliyopakia mateka 350 Luanda kwenda Mexico. Wengi wao ni watu wa ufalme wa Ndongo, na lugha yao ni Kimbundu. Mtu kwa Kimbundu ni *mutu*, watu ni *atu*. Kwa hiyo wale wa kwanza Virginia walizungumza lugha ambayo wewe ukikaa pembeni ungedaka neno hapa na pale. Mwanamke mmoja aliyeletwa na meli iliyofuatana na hiyo ameorodheshwa Jamestown kwa jina la Angela. Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyeliuliza.

Lakini si Waafrika wa kwanza. Mwaka 1528 Wahispania walitua Florida na mtumwa kutoka Azemmour, Moroko, wakimwita Estevanico. Msafara wa watu mamia uliangamia, wakabaki wanne, yeye mmojawapo, wakatembea miaka 8 hadi Mexico. Aliuawa 1539 akiwatangulia Wahispania kuingia nchi ya Wazuni. Na ukumbuke, wakati wanaofika Plymouth wanafukua mahindi ya watu, mji wa St. Augustine wa Wahispania kule Florida una miaka 55 tayari.

Mkenya wa Lowell

Wadau mimi niko Massachusetts, Plymouth ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari. Tulipeleka watoto. Lile jiwe maarufu ambalo wanasema Mayflower ilifikia, jamani, ni dogo! Liko chini kwenye kishimo, limejengewa nguzo kama hekalu, limechongwa 1620, na lina ufa ulioungwa kwa saruji. Mwanangu aliuliza, "Baba, ni hili tu?"

Juu kidogo, Cole's Hill, kuna sanamu ya Ousamequin anatazama bahari. Hapo ndipo kila siku ya Shukrani (Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani), tangu 1970, Wenyeji wanakusanyika kuomboleza. Mwaka ule Mwampanoag Wamsutta Frank James alialikwa ahutubie sherehe za miaka 350. Waandalizi walipoisoma hotuba wakaikataa, naye akaja kuisomea pale kilimani.

Tena msiseme waliisha. Wawampanoag wapo, jamii za Mashpee na Aquinnah. Lugha yao ilikaa zaidi ya miaka 100 bila msemaji, mpaka Jessie Little Doe Baird akaanza kuifufua miaka ya 1990. Msaada mkubwa aliupata wapi? Kwenye Biblia iliyochapishwa kwa lugha yao mwaka 1663 ili wabadili dini. Binti yake alilelewa akiizungumza nyumbani.

Chuma cha Reli

Nimekaa kimya nasoma. Ile ya Biblia sikuitegemea.

Kijana wa Tandale

Mzee malizia na kitu kidogo basi, nimebaki na kile kichwa juu ya mti, sitalala.

Mzee wa Magofu (mleta uzi)

Haya. Kesho yake baada ya Tisquantum kuingia kwa walowezi ile Machi 1621, alitoka mchana kwenda kuwatafutia mikunga. Walioandika wanasema jioni alirudi na mikunga mingi kiasi cha mkono mmoja kuweza kunyanyua, minono, mitamu. Hakuwa na ndoano, wavu wala mkuki. Aliingia kwenye tope la kijito akaikanyaga kwa miguu mpaka ikatoka, akaidaka kwa mikono.

Kijito cha kwao, alichokichezea utotoni. Miguu ilikuwa bado inajua pa kukanyaga.

Mkulima wa Mbozi

Kambale huku tunawakamata hivyo hivyo, maji yakikauka. Unamsikia kwenye unyayo kabla hujamwona. Shida ni ule mwiba wake wa pembeni.